Miaka miwili ya dagaa Mwaloni ndo utajiri wako, we unaificha

"Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Sengerema. Nilisomea uchakataji wa samaki na udhibiti ubora pale Nyegezi, nikamaliza 2022. Nimeshaitwa intavyuu mara nne zote nimetoka mikono mitupu. Nikiingia tu wakaniambia nijielezee, tena kwa Kingereza, kichwa kinakuwa cheupe kabisa, hata yale niliyokariri usiku kucha yanapotea. Sasa nimeitwa tena, kiwanda cha sangara hapo Mwanza, nafasi ya kwaliti, zimebaki siku 11. Baada ya chuo nilikaa miaka miwili nikimsaidia mama mdogo kuuza dagaa Mwaloni Kirumba, rafiki yangu akaniambia hiyo inashusha hadhi, nikaandika kwenye CV kwamba nilikuwa najitolea kiwandani, wala haikuwa kweli. Halafu nina mtoto wa miezi tisa, naogopa wakijua watanikata. Na kuna kaka kanipigia anasema anamjua mtu wa ndani, nitume laki moja na nusu anishikie nafasi. Naomba unisaidie niandae majibu ya maswali yote wanayouliza."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Meseji yako nimeisoma mara mbili mana ina maswali kama manne yamefungwa kwenye kanga moja, nitayafungua moja moja ila sitafuata mpangilio wako. Mi nimekaa upande wa waulizaji zaidi ya miaka 10 hapa Mwanza, viwanda vya samaki, hoteli, shule binafsi, kwa hiyo ninachokwambia ni kile kinachoendelea mle ndani, pamoja na yanayosemwa we ukishafunga mlango ukaondoka.

Naanza na ombi lako la mwisho. Kuandaa majibu ya maswali yote sitakufanyia, na siyo roho mbaya. Hayo majibu ya kukariri ndo yanayokuangusha.

Angalia kinachotokea mwilini. Unaingia chumbani, watu watatu au wanne wamekaa wanakutazama, mwili wako hauna habari kwamba hii ni intavyuu, wenyewe unajua kuna hatari basi. Unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mdomo unakauka, viganja vinaloa. Hiyo ni kawaida, hata mimi nikiitwa kuzungumza mbele ya watu inanitokea mpaka leo. Shida ni kwamba ile sehemu ya akili inayoshika vitu kwa muda mfupi, ile unayotumia kukumbuka namba ya simu mpaka uiandike, ni ndogo sana, na wakati huo umeshaijaza na mawazo ya wananionaje, sauti yangu inatetemeka, nikikosa tena nitamwambia nini mama. Nafasi inayobaki ni kidogo. Kwenye hiyo kidogo unataka upitishe Kingereza, ambacho kwako ni lugha ya tatu kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kizinza, afu juu yake ukumbuke aya nzima neno kwa neno. Haiwezekani. Na kitu kilichokaririwa kimeungana kama mnyororo, pete moja ikikatika na zilizofuata zote zimekwenda, ndo hapo unaona kichwa cheupe.

Sasa nikuulize, kuna siku ushasahau namna ya kumwelezea mtu jambo lililokutokea mwenyewe? Siku umeibiwa simu kwenye daladala, siku umejifungua? Hata ukiwa na woga utalisimulia, mana hukulikariri, uliliona kwa macho, unakumbuka harufu, unakumbuka nani alisema nini. Ukiruka kipande unarudi, unaendelea. Kwa hiyo kazi ya siku zako 11 ni kuandaa visa vya kweli vitano au sita vya maisha yako, uvijue vizuri, halafu swali lolote likija unachagua kisa kinacholifaa. Wanaoulizwa ni wengi na maswali yanageuzwa geuzwa kila mwaka, ila ukiyachambua yanarudi kwenye mambo yale yale machache tu: uliwahi kukutana na tatizo ukalifanyaje, uliwahi kukosea, uliwahi kutofautiana na mkubwa wako, unaweza kujifunza haraka, unaaminika ukiachwa peke yako.

Watu wengi wanadhani paneli inakaa kutafuta mtu anayeongea vizuri. Kwenye sehemu zinazofanya kwa utaratibu, kila mmoja wetu ana karatasi mbele yake, maswali yameandikwa, kila swali lina maksi zake na pembeni kuna nafasi ya kuandika sababu ya maksi niliyotoa. Wote mnaulizwa yale yale ili tuweze kuwalinganisha. Sasa we ukiniambia "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma na naweza kufanya kazi chini ya presha", mi naandika nini pale? Sina cha kuandika. Wenzako sita waliotangulia asubuhi hiyo wamesema hivyo hivyo, wengine kwa mpangilio huo huo kabisa, mana wametoa kwenye video moja. Nakupa maksi mbili kati ya kumi, naendelea. Siyo kwamba sijakuamini, hujanipa kitu cha kushika.

Na hapa kuna jambo la malezi yetu. Tumefundishwa kujisifu ni vibaya, kwa hiyo mtu akisimulia kazi yake anasema "tulifanya, tulipanga, tulihakikisha". Heshima hiyo naielewa na naipenda, ila karatasi yangu ina jina lako peke yako. Kusema "mimi ndo niliyehesabu magunia, mama mdogo ndo aliyepatana bei" hiyo siyo kujisifu, ni kutoa ushahidi, tena umempa na mwenzako sifa yake.

Sasa twende Mwaloni.

Mdogo wangu, niliposoma ile sehemu ya dagaa nilisimama kidogo. Unaenda kuomba kazi ya kwaliti kwenye kiwanda cha samaki, una miaka miwili ya kushika samaki kwa mikono yako kila siku kwenye soko ambalo watu wanatoka Kongo, Rwanda na Burundi kuja kununua, halafu umeifuta ukaandika uongo wa kujitolea? Rafiki yako alikupotosha, najua alikuwa na nia njema lakini alikupotosha sana.

Fikiria ulichokuwa unakifanya pale. Gunia linashushwa limetoka Ukerewe au Kome, we unaingiza mkono mpaka katikati, siyo juu, mana juu wanaweka wazuri, unachota, unaangalia rangi, wale weupe wanaong'aa kama fedha na wale waliogeuka wa njano kwa sababu walinyeshewa kabla hawajakauka. Unawatikisa kwenye kiganja uone mchanga unaobaki, unajua huyu alianikwa chini mchangani na huyu alianikwa kwenye chanja. Unavunja mmoja usikie kama anakatika au anapinda. Wale wabovu hamkuwachanganya na wazuri, mliwatenga wakaenda kwa watu wa chakula cha kuku. Na mlijua kabisa mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanaadimika, kwa sababu taa za wavuvi hazifanyi kazi vizuri kwenye mbalamwezi, kwa hiyo mnapanga mzigo mapema.

Hayo yote yana majina uliyofundishwa Nyegezi. Kuchota katikati ya gunia ni kuchukua sampuli. Kuangalia rangi, harufu na mkatiko ni ukaguzi wa ubora kwa milango ya fahamu, na kiwandani ndo hivyo hivyo watakavyokwambia uangalie macho ya sangara, mashavu, nyama ukiibonyeza inarudi au inabaki na shimo. Kutenga wabovu wasiguse wazuri ni kudhibiti mzigo usiokidhi viwango. Na kama mlikuwa na daftari la kuandika gunia hili limetoka kisiwa gani, kwa nani, tarehe ngapi (najua wafanyabiashara wengi wa pale wanalo, mana mteja akirudisha mzigo lazima ujue umdai nani) basi hiyo ni kumbukumbu ya kufuatilia bidhaa hadi ilikotoka, na kwa kiwanda kinachouza Ulaya hilo ndo jambo la kufa na kupona. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu, na viwanda vya ziwa zima viliumia, wazima na wabovu pamoja. Hiyo ni sababu moja ya mtu wa kwaliti kuwa na uzito leo. Ukilisema hilo mbele ya paneli, ukaliunganisha na daftari la mama mdogo wako, watakaa vizuri kwenye viti.

Chukua sasa siku moja tu ya pale Mwaloni, siyo miaka miwili. Siku ambayo kitu kiliharibika. Mvua imenyesha mzigo uko nje, au mteja amerudisha magunia matatu, au umegundua mwenyewe umepokea mzigo wenye unyevu na hela imeshalipwa. Simulia hali ilikuwaje, wewe hapo ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini hatua kwa hatua, ikaishaje. Weka idadi, magunia mangapi, kilo ngapi, hasara iliyookolewa ni shilingi ngapi kama unakumbuka. Kama iliisha vibaya sema iliisha vibaya na ulibadilisha nini baada ya hapo, mi binafsi kisa kilichoisha vibaya kikasimuliwa kwa ukweli nakipa maksi nyingi kuliko ushindi wa kupikwa. Dakika mbili zinatosha, zikizidi tatu watu wanaanza kuangalia saa.

Na hilo linatuleta kwenye CV, sehemu ambayo nitakwambia kitu hutakipenda. Ule uongo inabidi uutoe, tena kabla haujatolewa na mtu mwingine. Viwanda vya samaki Mwanza vinahesabika kwa vidole, mameneja wa kwaliti wanafahamiana, wengi wamesoma pamoja au wamewahi kufanya kazi pamoja, kupiga simu kuuliza "huyu binti alijitolea kwenu" ni suala la dakika moja. Nimewahi kuwa kwenye paneli iliyompenda sana kijana mmoja, tukapiga simu jioni, kesho yake hakuwa tena kwenye orodha na wala hakuambiwa kwa nini. Na hata ukipita bila kupigiwa simu, unaanza kazi umekalia bomu, ikigundulika baada ya mwaka ni sababu tosha ya kuachishwa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, uandike CV mpya leo, uitume kwa barua pepe ile ile waliyokuitia, sentensi mbili tu, kwamba umerekebisha taarifa za uzoefu wako na unaomba watumie hii. Ya pili, uende nayo imechapishwa, na wakianza kuuliza uzoefu useme, "Naomba nirekebishe jambo moja kwanza, kipindi hicho niliandika nilikuwa najitolea, haikuwa sahihi, nilikuwa Mwaloni Kirumba kwenye biashara ya dagaa ya familia na ningependa kuwaelezea nilichokuwa nafanya." Mi napendelea ya kwanza mana unaingia umetua mzigo na akili yako inabaki na nafasi. Je unaweza kukosa nafasi kwa sababu hiyo? Ndiyo, unaweza, sitakudanganya, kuna mabosi wakiona umerekebisha watakufuta hapo hapo. Lakini kazi ya kwaliti ni kuandika joto la samaki kama lilivyo hata kama meneja wa uzalishaji amesimama juu ya kichwa chako anataka kontena liondoke. Mtu anayejua hiyo kazi akiona umejisahihisha mwenyewe anaelewa ameona nini.

Kingereza. Jiulize kinatumika wapi kwenye kazi hiyo, mana hofu yako inakifanya kiwe kikubwa kuliko kilivyo. Fomu za HACCP (ule mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari kwenye chakula), rekodi za joto, ripoti, barua za wateja, hizo nyingi ni Kingereza, kwa hiyo usijidanganye hakihitajiki. Lakini kwenye sakafu ya kiwanda unaelekeza watu kwa Kiswahili kutwa nzima. Maneno ya kitaalamu tayari unayo kwa Kingereza kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa, kinachokukwamisha ni maneno madogo ya kuunganisha. Kwa hiyo sentensi zako ziwe fupi. Nilipokea magunia 40. Nilikagua matano. Mawili yalikuwa na unyevu. Niliyatenga. Sentensi hizo zikigeuzwa Kingereza ni za darasa la saba na hakuna mtu atakayekucheka, kinyume chake unaeleweka haraka kuliko yule anayetafuta maneno marefu. Na mwanzoni kabisa unaweza kuuliza kwa heshima, nitajibu kwa Kingereza, nikikwama mahali naruhusiwa kumalizia kwa Kiswahili? Kampuni nyingi binafsi hapa mjini watakukubalia. Wakikataa basi umejua mapema, unaendelea na sentensi fupi.

Fanya mazoezi kwa sauti. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wanasoma notsi kimya kimya mpaka saa nane usiku wanadhani wamejiandaa. Kusoma ni kuingiza, intavyuu ni kutoa, na kutoa ndo kunakohitaji mazoezi. Kila ukilivuta jambo kichwani bila kuangalia daftari, njia ya kulifikia inakuwa nyepesi zaidi siku inayofuata. Tumia simu, jirekodi, sikiliza, rudia. Siku tano za kwanza fanya kwa Kiswahili mpaka visa vimekaa, ndo uhamie Kingereza. Siku mbili za mwisho tafuta watu wawili wakae mbele yako kwenye viti kama paneli, hata kama ni jirani na shemeji, wakuulize bila mpangilio wakiwa hawacheki. Mwili unatakiwa uonje ile hali kabla ya siku yenyewe.

Na woga ukikupanda mle ndani, vuta pumzi kawaida afu itoe polepole, iwe ndefu kuliko uliyovuta, mara tatu nne. Ile ya kutoa ndo inayopunguza mapigo ya moyo. Halafu una haki ya kusema "naomba nifikirie kidogo". Sekunde kumi za kimya kwako ni kama saa nzima, kwetu sisi ni nafasi ya kumalizia kuandika.

Kitaalamu rudia vitu vichache lakini uvijue mpaka mfupa: barafu inayoyeyuka inamshika samaki kwenye nyuzi joto 0, waliogandishwa wanahifadhiwa kwenye -18 au chini ya hapo, kwa nini mnyororo wa baridi ukikatika bakteria wanazaliana na kurudisha barafu hakuwaondoi, sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, kanuni saba za HACCP na mfano mmoja wa kila moja. Ukiulizwa usichokijua sema hukijui na ueleze ungekitafutia wapi.

Mavazi, nguo safi ya heshima uliyonayo inatosha, usikope. Ila kwa kazi hii kuna kitu watu hawaambiwi. Kata kucha, usipake rangi, kope za bandia na kucha za bandia acha nyumbani, pafyumu usijimwagie, pete na bangili vua. Mtu wa kwaliti anayeingia na kucha ndefu ameshajibu swali ambalo hatujamuuliza. Na mara nyingine mkishamaliza maswali wanakwambia twende tukuzungushe kiwandani, usidhani intavyuu imeisha. Pale mlangoni kuna beseni la dawa la kukanyagia mabuti na sinki la kunawa. Nilishawapeleka vijana wanne mzunguko mmoja, nikajifanya napokea simu pale mlangoni. Watatu walisimama wakanisubiri. Mmoja alivaa kofia akaingiza nywele zote ndani, akanawa mpaka kwenye viwiko, akakanyaga dawa, akasimama upande wa pili ananingoja. Nilirudi ofisini nikiwa nimeshamaliza kazi yangu.

Mtoto wako. Huna ulazima wa kumtaja, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa ujauzito, jinsia au hali ya ndoa, na inamhusu hata anayeomba kazi, siyo aliyeajiriwa peke yake. Ila sheria ni kitu kimoja na kile chumba ni kitu kingine, wapo watakaouliza. Mara nyingi wanachotaka kujua ni kama utaweza shifti ya usiku na kama utakuwa unakosekana. Jibu hicho. "Nina mtoto, analelewa na mama yangu, nimeshapanga, shifti zote naziweza" inatosha, lakini useme hivyo kama kweli umeshapanga, kwa hiyo ongea na mama yako wiki hii, nani atakaa naye, mtaishi wapi, Sengerema na shifti ya usiku Mwanza haviendani. Ukipata kazi ujue pia sheria hiyo hiyo inakupa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Usiliombe kwenye intavyuu, lijue tu.

Huyo kaka wa laki moja na nusu usimtumie hata mia. Wengi wao hawamjui mtu yeyote mle ndani, wanachofanya ni kupigia watu kumi, mmoja akipata kazi kwa uwezo wake wanasema ni sisi, tisa waliobaki wanablokiwa. Na kama kweli anamjua mtu basi hiyo ni rushwa na we ni mtoaji. Hifadhi meseji zake, TAKUKURU namba yao ni 113 na ni bure. Nakwambia na jambo lingine kwa sababu u binti: mtu yeyote, wa ndani au wa nje, akikwambia mkutane pembeni jioni ili "akuelekeze", hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, na unapiga namba hiyo hiyo. Najua kuripoti siyo rahisi, kuna kuogopa kujulikana na kuna kuogopa kukosa kazi, nenda na mtu unayemwamini usiende peke yako.

Mshahara wakiuliza, usiseme "chochote mtakachonipa". Ulizia kwa watu mliosoma pamoja walioko viwandani wanalipwaje, piga hesabu ya chumba, nauli na chakula, taja kiwango afu sema uko tayari kuzungumza. Na wakikuuliza kama una swali, uwe nalo. Langu ninalolipenda ni "mtu wa nafasi hii, miezi mitatu ya kwanza mngependa awe ameweza nini?"

Safari. Zamani ningekwambia vuka siku moja kabla bila mjadala, mana kivuko pale Kigongo na Busisi kilishawakosesha watu wengi kazi, unafika unakuta foleni ya malori na saa yako inaenda. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, zile kilomita tatu za maji ni dakika chache, lakini bado usijiamini sana, ukishapita Usagara na Buhongwa asubuhi barabara ya kuingia mjini inajaa, na kama kiwanda kipo upande wa Ilemela bado una mji mzima wa kuukata. Kama una ndugu Kirumba au Pasiansi lala kwake. Kama mama mdogo bado yupo kule basi umeshapata pa kulala. Vyeti vibebe halisi na kopi, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, uviangalie leo kama majina yanafanana herufi kwa herufi.

Yakiwa hayafanani, hilo siyo la kujibiwa kwenye simu, nenda kwa wakili kesho akuelekeze kama ni kiapo au hati ya kubadili jina. Kwenye mambo ya HACCP rudi Nyegezi kwa mwalimu wako mmoja, omba nusu saa akuulize maswali, walimu wengi wanafurahi mwanafunzi akirudi. Na hiki kichwa cheupe, kama kinakutokea kwenye intavyuu tu, mazoezi yatakisaidia. Lakini kama unapata na moyo kwenda mbio bila sababu, hulali, unalia lia, au tangu ujifungue hujisikii kama wewe, usisubiri intavyuu ipite. Akina mama wengi inawakuta baada ya kujifungua na inatibika, waambie kliniki unakompeleka mtoto, au hospitali ya mkoa Sekou Toure, au Bugando, wote wana watu wa afya ya akili.

Leo jioni mtoto akilala, chukua simu urekodi kisa cha ile siku dagaa walipoharibika, kwa Kiswahili, dakika mbili, usisome popote. Mtumie mama mdogo. Alikuwepo, atakwambia umeruka wapi na umeongeza chumvi wapi.